Nani Alipie Mfereji Mkuu? Fedha za Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki

(Mhadhara uliotolewa Wang'uru, Mwea, mbele ya wakulima, walimu, watumishi wa umma na wanafunzi)

Mmekuja wakati ambapo wengi wenu mngekuwa shambani mkiamia ndege. Mtu anayeacha mpunga wake ili aje kusikiliza habari za bajeti anastahili kuelezwa jambo la maana, nami nitajitahidi.

Nimeombwa nizungumzie fedha za Sekretarieti ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ofisi iliyoko Arusha. Kusudi langu ni kueleza pesa za ofisi hiyo zinatoka wapi, kwa nini mwaka baada ya mwaka zinachelewa au hazifiki kabisa, na ni njia gani mimi naiona kuwa ya haki. Shirikisho la kisiasa, sarafu moja na vita vya mashariki ya Kongo nitayaacha kando leo. Kila moja la mambo hayo lataka siku yake.

Nimefurahi kulisema jambo hili Mwea kuliko ambavyo ningefurahi kulisema Nairobi. Hapa hakuna haja ya kumfundisha mtu maana ya mali ya pamoja. Maji ya mto Thiba na mto Nyamindi huingia mfereji mkuu, yakagawanywa kwenye mifereji midogo, yakafika Tebere, Mwea, Thiba, Wamumu na Karaba. Hakuna mkulima, hata awe tajiri namna gani, anayeweza kujichimbia mfereji mkuu wa peke yake. Na mnakumbuka, au mmesimuliwa na wazazi wenu, yaliyotokea hapa kati ya 1998 na 2003, wakulima walipokataa kuendelea chini ya Bodi ya Kitaifa ya Unyunyizaji Maji. Madai yao yalikuwa ya haki kabisa: mtu alilima, akapanda, akavuna, kisha hakuwa na kauli juu ya mpunga wake mwenyewe. Kwa upande wa mpunga walishinda. Lakini mfereji nao ulikuwa palepale, ukijaa tope, milango ya maji ikichakaa, na haikuwa wazi tena nani alipie. Walioumia kwanza ni wale wa mkiani mwa mfereji. Utaratibu uliofuata, wa chombo cha serikali kushughulikia mitambo mikubwa na vyama vya watumiaji maji kukusanya ada na kutunza mifereji ya chini, ulizaliwa na funzo hilo.

Naomba mlishike jambo hilo akilini, maana nitalirudia.

Hoja ya kwanza: Arusha iko karibu na Mwea kuliko tunavyodhani

Kuna mtu atauliza, na ana haki ya kuuliza: mimi na ofisi ya Arusha tunahusiana nini? Jibu liko ndani ya gunia la mchele.

Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya, mchele unaotoka nje ya Afrika Mashariki unapaswa kutozwa asilimia 75 ya thamani yake, au dola 345 kwa tani, chochote kilicho kikubwa zaidi. Hicho ni kiwango kikali, na kiliwekwa kwa ajili ya kumlinda mkulima wa mpunga wa eneo hili. Kenya, kwa kuwa haizalishi mchele wa kuitosha, imekuwa ikiomba ruhusa ya kutoza kiwango cha chini: asilimia 35, au dola 200 kwa tani. Ruhusa hiyo haitolewi Nairobi. Huombwa, hujadiliwa na mawaziri, kisha huchapishwa katika Gazeti la Jumuiya kabla mwaka mpya wa fedha haujaanza tarehe 1 Julai. Tofauti kati ya 75 na 35 ndiyo tofauti kati ya mchele wetu wa pishori kununuliwa shambani kwa bei ya heshima na pishori kulala ghalani huku mchele wa Pakistan ukijaa madukani. Mwaka 2025, serikali ilipotangaza mchele wa kuingizwa bila ushuru kabisa, mzozo ulifika hadi Mahakama Kuu ya Kerugoya, hapa jirani. Sihitaji kuwaeleza uchungu wa siku zile.

Upande wa pili, mchele wa Mbeya au Shinyanga wenye cheti cha kuonyesha asili yake huingia Kenya bila ushuru, kwa kuwa sote tu soko moja. Najua baadhi yenu hamlipendi jambo hilo. Lakini fikirini nani huhakikisha kwamba gunia lililoandikwa Tanzania lilivunwa Tanzania kweli, na si mchele wa Asia uliobadilishiwa gunia njiani? Hiyo ni kazi ya maofisa wa forodha wa nchi wakifuata kanuni zinazoandaliwa na kufuatiliwa kupitia Arusha. Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumu ya kuvu. Malori yalikwama mpakani, wafanyabiashara wakahesabu hasara. Ugomvi wa namna hiyo wahitaji wataalamu wa viwango ambao si wa upande huu wala ule, wenye mishahara iliyolipwa na tikiti za kufika mpakani. Mtaalamu asiyekuwapo kwa sababu nafasi yake haijajazwa miaka miwili hawezi kukata shauri lolote.

Hoja ya pili: Zamani ofisi hii ilikuwa na mfereji wake

Hapa nitakawia kidogo, kwa sababu historia hii imesahauliwa, na kwa maoni yangu ndiyo yenye ufunguo.

Huduma za pamoja za Afrika Mashariki ni za tangu 1948, ilipoundwa Halmashauri Kuu ya Afrika Mashariki chini ya Waingereza. Reli, bandari, posta, forodha, utafiti, hali ya hewa: vyote viliendeshwa kwa pamoja. Tanganyika ilipokaribia uhuru, swali likazuka: Kenya ndiyo yenye viwanda na ndiyo inayofaidi soko zaidi, je, Uganda na Tanganyika zapata nini? Tume iliyoongozwa na Jeremy Raisman ikaketi, na 1961 ikapendekeza mfuko wa kugawana. Kabla makusanyo hayajafika katika hazina ya kila nchi, kiasi fulani kilikatwa: asilimia 6 ya ushuru wa forodha na wa bidhaa, na asilimia 40 ya kodi ya mapato ya makampuni ya viwanda na fedha. Nusu ya mfuko huo ilikwenda kuendesha huduma za pamoja. Nusu ya pili iligawanywa sawasawa kwa nchi tatu, hivyo Kenya iliyochangia zaidi ikawainua wenzake.

Angalieni ule utaratibu. Hakuna aliyeandika barua ya kukumbusha. Hakuna waziri wa fedha aliyeulizwa kila Julai kama mwaka huu atalipa au hatalipa. Idara moja ya forodha ilikusanya kwa niaba ya wote, ikakata sehemu ya pamoja, ikapeleka salio kwa kila nchi.

Mkataba wa 1967, uliotiwa saini Kampala tarehe 6 Juni na kuanza kutumika Desemba mwaka huo, ulibadilisha mengi katika hesabu hizo na kuleta makao makuu Arusha. Kisha kamba zikaanza kukatika, moja baada ya nyingine. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 idara ya pamoja ya kodi ya mapato ilivunjwa, kila nchi ikachukua yake. Idi Amin alipotwaa madaraka Uganda mwaka 1971, Rais Nyerere wa Tanzania alikataa kuketi naye, na baraza la marais watatu likawa halikutani. Mashirika ya reli na ya ndege yakalalamika kwamba pesa zilizokusanywa katika nchi moja hazihamishwi kwenda makao makuu. Mapema 1977 Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likasimama, na Kenya ikaanzisha shirika lake. Na mwisho wenyewe ulikuja vipi? Ilifika tarehe 30 Juni 1977, mwisho wa mwaka wa fedha, na bajeti ya mwaka uliofuata haikuwa imepitishwa. Hapakuwa na vita siku hiyo wala hotuba ya kuaga. Ofisi ilikosa ruhusa ya kutumia hata senti moja ya kesho yake.

Wapo hapa wazee waliofanya kazi katika mashirika yale. Wao wanajua kilichofuata. Kugawana mali na madeni kulichukua hadi Mei 1984, kwa usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, na wapo wafanyakazi waliodai mafao yao kwa miaka mingi zaidi ya hiyo. Mtu alikuwa na umri wa miaka thelathini Jumuiya ilipokufa, akafikia uzee akiwa bado anafuatilia faili.

Jumuiya ilipofufuliwa kwa Mkataba wa 30 Novemba 1999, waliouandika walikuwa na kumbukumbu hizi zote. Walifanya mengi vizuri. Lakini kwa upande wa pesa walichagua njia nyepesi kukubaliana juu yake: ibara ya 132 inasema bajeti itagharimiwa na michango sawa ya nchi wanachama, misaada, na vyanzo vingine vitakavyoamuliwa na Baraza la Mawaziri. Mfereji wa zamani haukuchimbwa tena. Badala yake kila nchi iliahidi kubeba ndoo yake kila mwaka.

Hoja ya tatu: Michango sawa na uwezo usio sawa

Mchango sawa una heshima yake, na sitaki kuudharau. Unasema kwamba Burundi si mgeni katika nyumba ya Kenya. Anayelipa sawa husema sawa, na katika Jumuiya ambayo wakuu wa nchi huamua kwa makubaliano ya wote, jambo hilo ni la msingi. Akina mama waliomo katika vyama vya mzunguko wananielewa: kila mmoja hutoa kiasi kilekile ndiyo maana hakuna mwenye kumtisha mwenzake.

Lakini katika mzunguko wenu, mnajua kiwango huwekwa kwa kumtazama aliye dhaifu. Mkiweka elfu kumi kwa wiki, baadhi watalipa mara mbili kisha waanze kujificha siku ya mkutano. Ndivyo ilivyo Arusha. Tulianza nchi tatu. Rwanda na Burundi zikaingia 2007, Sudan Kusini 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 2022, Somalia ikakamilisha kujiunga Machi 2024. Kabla ya Kongo na Somalia kuingia, fungu la kila nchi lilikuwa karibu dola milioni 8 kwa mwaka, kama shilingi bilioni moja za Kenya. Uchumi wa Kenya umepita dola bilioni 100. Wa Burundi haufiki bilioni 10. Sudan Kusini inategemea mafuta yanayopita katika bomba la nchi jirani yenye vita, na bomba likiharibika, hata walimu wa Juba hawalipwi. Nchi hizo mbili zimetajwa mara kwa mara katika orodha ya wenye malimbikizo, na Kongo nayo ikaingia katika orodha hiyo. Mbele ya hesabu hizi siwezi kuwaita watu hao wadanganyifu. Baadhi wameshindwa kweli.

Na wengine, niseme wazi, wana uwezo ila huchelewa. Hazina ya nchi ina madeni mengi, na deni la Arusha ndilo lisilo na mwenye kupiga kelele. Madaktari hugoma, magavana huenda mahakamani, wenye hati fungani husubiriwa kwa hofu. Arusha huandika barua.

Matokeo yake yako hadharani. Bajeti iliyopitishwa kwa mwaka wa fedha 2023/24 ilikuwa karibu dola milioni 104, na ya 2024/25 karibu milioni 113. Katika mwaka huo wa pili Bunge la Afrika Mashariki lililazimika kusimamisha shughuli zake kwa kukosa pesa. Wabunge ambao kazi yao ni kupitisha bajeti walikosa bajeti ya kukutana.

Nimepiga hesabu ya haraka kwa ajili yenu. Jumuiya ina watu zaidi ya milioni 300. Dola milioni 113 ukizigawa kwa vichwa hivyo, kila mmoja wetu anachangia chini ya senti 40 za dola, karibu shilingi hamsini kwa mwaka mzima. Kwa shilingi hamsini hupati nusu kilo ya pishori. Kwa hiyo anayesema Jumuiya inashindwa kwa sababu ni ghali mno, hesabu hazimuungi mkono. Tunashindwa na namna ya kukusanya.

Kwa miaka kadhaa sasa limekuwapo pendekezo la kuchanganya: asilimia 65 ya mchango igawanywe sawa kwa wote, na asilimia 35 itozwe kwa kutazama pato la wastani la mwananchi wa kila nchi katika miaka mitano. Naliunga mkono kwa hatua ya kwanza. Lakini linarekebisha ukubwa wa ndoo tu. Bado kila mtu atabeba ndoo yake, au ataiacha nyumbani.

Hoja ya nne: Pesa za wafadhili

Katika miaka ya 2010 ilipita miaka ambapo zaidi ya nusu ya bajeti ya Jumuiya ilitoka kwa washirika wa maendeleo. Jengo la makao makuu Arusha, lililofunguliwa Novemba 2012, lilijengwa kwa msaada wa serikali ya Ujerumani, karibu yuro milioni 14. Wakati wa korona, Wajerumani haohao waligharimia maabara za kutembea zilizopima madereva mipakani. Nashukuru kwa hayo yote kwa moyo mweupe. Nasi hapa Mwea hatuwezi kusahau mkono wa Japani, uliojenga kituo cha utafiti na kukarabati mitambo ya maji.

Hata hivyo pesa za mfadhili huja na ratiba yake na mkaguzi wake, na vipaumbele ni vyake pia. Mfadhili hugharimia mradi. Hapendi kugharimia mshahara wa mhasibu wala karani wa kumbukumbu, wala mfasiri. Wakuu wa nchi waliamua Julai 2022 kwamba Kiswahili na Kifaransa viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Uamuzi mzuri ajabu. Lakini kila waraka wa Baraza sasa wahitaji kufasiriwa, na kila kikao kinahitaji wakalimani katika vyumba vyao. Nani atalipa? Nimesubiri mfadhili ajitokeze kulipia Kiswahili cha Arusha, na bado nasubiri.

Kuna jambo zito zaidi. Jumuiya ilipojadiliana na Umoja wa Ulaya juu ya mkataba wa ubia wa kiuchumi, mazungumzo yalikamilika 2014, Kenya na Rwanda zikatia saini 2016, Tanzania ikakataa, na mwishowe Kenya ikasaini peke yake Desemba 2023. Sababu za kutofautiana zilikuwa nyingi na nyingine zilikuwa za msingi. Ila hebu fikirini hali ya mwanasheria wa Sekretarieti anayeketi mezani mkabala na Ulaya huku semina ya kumfundisha mazungumzo hayo imelipiwa na Ulaya. Simshuku mtu yeyote rushwa. Nasema tu kwamba mkulima hamtumi dalali anayelala nyumbani kwa mnunuzi.

Na mfadhili ana uchaguzi wake kwao. Mwaka 2025 serikali ya Marekani ilifunga shirika lake la misaada, USAID, ndani ya miezi michache, na miradi iliyotegemea pesa zile kote Afrika Mashariki ikabaki na ofisi, magari na vibao.

Hoja ya tano: Ikatwe kabla haijafika mfukoni

Sasa nasema ninachoamini. Mchango wa Jumuiya ukatwe kwenye forodha, sehemu ndogo ya thamani ya bidhaa zinazotoka nje ya Afrika Mashariki, uende moja kwa moja Arusha bila kupita katika mikono ya mawaziri wanane wa fedha. Nyinyi mmezoea makato. Ukipeleka mpunga kwenye ushirika, mkopo wa mbolea hukatwa kabla hujaona hela. Huwa tunanung'unika, lakini mbolea ya msimu ujao hupatikana.

Hili si jambo jipya duniani. Jumuiya ya nchi za Afrika Magharibi, ECOWAS, ina tozo ya asilimia 0.5 kwa bidhaa kutoka nje ya eneo lake. Umoja wa Afrika uliamua Kigali, Julai 2016, kwamba kila nchi itoze asilimia 0.2. Kenya yenyewe, katika sheria ya ada na tozo ya 2016, imetenga sehemu ya ada ya kuingiza bidhaa kwa ajili ya kulipia michango yake kwa Umoja wa Afrika na mashirika mengine ya kimataifa. Mlango umeshafunguliwa nusu. Na tangu 2014 tuna utaratibu wa eneo moja la forodha, ambapo mzigo wa Kampala au Kigali hulipiwa kodi ukiwa bado Mombasa au Dar es Salaam. Mitambo ya kukata ipo.

Najua mapingamizi. La kwanza: tozo hulipwa na mlaji. Ni kweli, na kwa hiyo iwe ndogo, na isiguse dawa, mbolea wala mbegu. La pili: Afrika Magharibi wanayo tozo na bado baadhi ya nchi hukusanya kisha zikazuia pesa. Hilo nalo ni kweli, nalo linanifundisha kwamba pesa isiingie kwanza hazina ya nchi. Iwekwe siku hiyohiyo katika akaunti ya Jumuiya iliyoko benki kuu ya nchi ile. La tatu ndilo gumu: Kenya na Tanzania, zinazoagiza bidhaa nyingi kutoka ng'ambo, zitalipa zaidi ya wengine.

Kwa upande wa Kenya jibu langu ni ndiyo, na tulipe. Uganda ndiye mteja wetu mkubwa katika Afrika. Viwanda vya Thika na Nairobi vinauza saruji, mafuta ya kupikia, sabuni na chuma kwa majirani bila ushuru. Tulilipa zaidi wakati wa mfuko wa Raisman, na soko lile likatujenga. Tulipe zaidi tena, na tusidai kura zaidi kwa sababu hiyo. Najua sentensi hii haipendezi masikio yote humu ukumbini. Naisema hata hivyo.

Hoja ya sita: Anayekatwa ana haki ya kuona hesabu

Hii nitaipitia upesi. Mkataba umeweka Tume ya Ukaguzi yenye Wakaguzi Wakuu wa Hesabu wa nchi wanachama, na ripoti yake hupelekwa kwa Baraza kisha Bungeni. Chombo ni kizuri. Kinachokosekana ni ripoti kumfikia mlipaji kwa lugha yake na kwa wakati. Ofisi ambayo kazi yake ni kuitisha mikutano ya nchi nane itatumia pesa nyingi kwa safari na posho, hilo halikwepeki, lakini kila mkutano uwe na bei yake iliyoandikwa, na uamuzi uliotoka ndani yake uandikwe kando ya bei hiyo. Nikiona dola elfu hamsini upande mmoja, na upande wa pili "mkutano uliahirishwa", nitajua pa kuuliza. Vikao vinavyoweza kufanyika kwa njia ya video vifanyike hivyo, kama tulivyolazimika kufanya 2020.

Na adhabu? Ibara ya 143 inasema nchi isiyotimiza wajibu wake wa fedha itachukuliwa hatua na wakuu wa nchi. Wakuu hao huamua kwa makubaliano ya wote, na mdaiwa yumo mezani. Katika Umoja wa Mataifa, nchi ikidaiwa michango ya miaka miwili hupoteza kura katika Baraza Kuu, bila kusubiri huruma ya mtu. Ningependa kanuni kama hiyo Arusha, yenye msamaha kwa nchi iliyopigwa na vita au ukame, msamaha ulioombwa kwa maandishi na kutangazwa.

Bwana Mwenyekiti, nakaribia kumaliza. Tunaelekea uchaguzi mkuu wa Agosti 2027. Bunge litakaloingia, pamoja na mengine, ndilo litakalochagua wabunge tisa wa Kenya katika Bunge la Afrika Mashariki. Wagombea watapita hapa Wang'uru, watazungumza juu ya maji ya bwawa la Thiba, bei ya mpunga na barabara. Waulizeni pia: utamchagua nani aende Arusha, na huyo utakayemchagua ana msimamo gani juu ya tozo ya forodha? Ikiwa hajui, mpeni muda akasome, arudi. Walimu mlio hapa, nawaomba muichukue hesabu ile ya shilingi hamsini mkaifanye na wanafunzi wa kidato cha tatu. Wapeni nchi nane, watu wake na uchumi wake, muwaache wagawanye mzigo wenyewe. Ningependa kuona watakayoyaandika. Na viongozi wa vyama vya maji, mnajua kuliko mtaalamu yeyote wa Arusha namna ya kumdai jirani ada bila kuvunja ujirani. Andikeni maarifa hayo. Mimi nitayabeba.

Kila Juni, Bunge lile huketi kujadili bajeti ya mwaka unaofuata, na kila Julai mwaka unaanza na akaunti zisizojaa. Julai inayokuja natumaini kusafiri Arusha kusikiliza, na nikirudi, mkiniruhusu, nitakuja tena hapa niwaambie ni nchi zipi zimelipa na zimelipa kiasi gani, tarehe kwa tarehe.

Sasa naomba maswali, Bwana Mwenyekiti, na tuanze na mzee yule wa dirishani aliyeinua mkono tangu nilipotaja 1977.